Ulimi Uliozoea Pilipili

Katika lugha yetu mna vitenzi vitatu vinavyokaa jirani sana hata aghalabu hudhaniwa kuwa ni kimoja: kustahamili, kuzoea na kufa ganzi. Mwenye kustahamili anaumia na ananyamaza. Mwenye kuzoea anaumia, lakini kwa uchache kuliko alivyoumia jana. Aliyekufa ganzi haumii tena. Anayewatazama kwa mbali haoni tofauti, kwani wote watatu wametulia. Hata hivyo, tofauti ipo, na asiyeijua huweza kumdhulumu mwenzake huku akidhani anamsifu. Napenda kuitafuta tofauti hiyo mahali padogo, kwenye sahani ya chakula, maana ni nadra kupata jambo jingine ambalo kwalo wanaadamu hujifunza kuzoea maumivu kwa hiari yao, siku baada ya siku, na kisha wakayaita maumivu hayo utamu.

Pilipili kali tunayoila leo si mwenyeji wa mwambao huu. Asili yake ni bara la Amerika, na haikuvuka bahari ila baada ya safari za Columbus zilizoanza mwaka 1492. Kisha Wareno wakaieneza katika bandari za Afrika na Bara Hindi. Jina, lakini, lilitangulia. Wahindi wa kale walisema *pippali*, Waajemi na Waarabu wakalichukua kwa matamshi yao, na wote walikusudia viungo vingine kabisa. Ushahidi tunao vinywani mwetu hadi leo: tunaposema pilipili manga tunataja ile iliyotujia kwa njia ya Manga, yaani Arabuni, kabla ya hii nyekundu. Mgeni alipofika alipewa jina la aliyemtangulia, akakaribishwa jikoni, na sasa yeye ndiye anayeitwa pilipili bila ya nyongeza. Nani leo awezaye kuufikiria urojo bila ya chatne yake, au muhogo wa kuchoma bila ya chumvi na pilipili, au achari ya embe isiyowasha? Kwa hivyo, kabla ya mtu mmoja mmoja kuzoea, jamii nzima ilizoea, na ikazoea hata ikasahau kwamba iliwahi kuwa ngeni kwa jambo hili.

Je, ni kitu gani hasa tunachokizoea? Ukali wa pilipili si ladha kwa maana ya utamu, uchungu au uchachu. Ndani ya pilipili mna kemikali iitwayo kapsaisini, ambayo hukaa zaidi katika ule utando mweupe unaozishika mbegu kuliko katika mbegu zenyewe. Mwaka 1997, David Julius na wenzake huko California waligundua kipokezi kinachopokea kemikali hiyo katika mishipa ya fahamu, na kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Kipokezi hicho ni kilekile kinachotuonya tunapoguswa na joto linalozidi kiasi cha nyuzijoto 43. Maana yake ni kwamba pilipili haituunguzi. Inaugonga mlango uliowekewa moto, na mwenye nyumba anatoka mbio akipiga kelele za moto ambao haupo. Jasho hututoka, machozi yakatulenga, moyo ukaenda mbio, na kumbe hakuna kilichoungua. Ndege hawausikii ukali huo. Huzila pilipili na kuzisambaza mbegu zake bila ya taabu. Ni wanyama wanyonyeshao wanaofukuzwa nao, na miongoni mwao mwanaadamu ndiye aliyefukuzwa kisha akarudi.

Namna anavyorudi nayo ina mafunzo. Mtu akila pilipili mfululizo bila ya kupumzika, ukali huzidi kupanda kinywani. Lakini akituliza ulimi kwa dakika kadhaa kisha akaonja tena, hukuta moto umepungua. Ndivyo inavyokuwa pia kwa siku na miezi: kipande kidogo leo, kingine baada ya siku mbili, na mishipa ile hujifunza kunyamaza. Wahenga waliposema haba na haba hujaza kibaba huenda hawakukusudia pilipili, ila methali inakaa. Mwenye haraka hutaka kumaliza somo kwa usiku mmoja, akabugia pilipili mbuzi nzima mbele ya rafiki zake, kisha akakimbilia maji, na maji hayamfai kitu kwa kuwa kapsaisini haiyeyuki majini. Lau angeomba maziwa au mtindi, angepata nafuu upesi. Mwenye subira hafanyi tamasha. Huongeza tone baada ya tone, hata siku moja akashangaa kwamba kilichomtoa machozi mwaka jana leo anakitafuta mezani.

Mazoea haya yana mipaka miwili inayostahili kukumbukwa. Kwanza, hayadumu yakiachwa: mtu akikaa muda mrefu bila ya kula pilipili, ulimi wake hurejea ulikokuwa. Pili, hayahami. Mtu ambaye ulimi wake haushtuki kwa kiungo chochote, akijifuta jicho kwa kidole kilichokata pilipili, atalia kama mtoto. Ulimi umezoea, jicho halikuzoea. Basi wale vijana wanaoshindana kula pilipili kwa kudhani kwamba wanaukomaza moyo, wajue kwamba wanachokikomaza ni kinywa tu. Moyo una pilipili zake nyingine, na hizo hazipatikani sokoni.

Profesa mmoja wa saikolojia wa Marekani, Paul Rozin, pamoja na mwenzake Deborah Schiller, walichapisha mwaka 1980 utafiti kuhusu watu wanavyojifunza kuipenda pilipili. Walikaa katika kijiji cha nyanda za juu za Oaxaca, Meksiko, ambako pilipili ni chakula cha kila siku. Waliona kwamba watoto wadogo hawalazimishwi. Huwekewa kidogo tu, huwaona wakubwa na ndugu zao wakila kwa raha, na wanapofikia umri wa miaka mitano au sita huanza kujitilia wenyewe. Kijijini humo mbwa na nguruwe hula makombo yenye pilipili katika maisha yao yote, lakini wakipewa hiari ya kuchagua, hawakuonyesha mapenzi kwa chakula kikali. Kukutana na ukali kila siku, kwa hivyo, hakutoshi. Mnyama amekutana nao na hakuupenda. Mtoto ameupenda kwa kuwa ameona kwamba nyuma ya ukali kuna watu anaowapenda, wameketi, wanacheka, na wamemwachia nafasi ya kukataa.

Hapo ndipo faida ya mazoea inapoonekana. Anayeonja pilipili mbuzi kwa mara ya kwanza hasikii chochote ila moto. Aliyezoea husikia harufu yake, ambayo ni ya tunda, na husikia kwamba pilipili kichaa ina mwasho mwembamba wa ghafla ilhali ile nyingine hupanda polepole na kukaa. Mazoea yamemfungulia chumba ambacho mgeni hakioni kwa sababu ya moshi uliopo mlangoni. Ndivyo yalivyo mambo mengi yenye thamani. Msomaji wa mashairi anajua kwamba utenzi wa kale, kwa lahaja yake na maneno yake yaliyofichika, humchosha anayeufungua kwa mara ya kwanza. Arudipo mara ya kumi ndipo anaposikia sauti ya mtunzi. Lau tungeliacha kila jambo lililotuuma mwanzoni, tungeliishi kwa uji wa sukari.

Wenye hekima walilijua hili zamani. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, alifundisha kwamba tabia njema hazizaliwi nasi bali hupatikana kwa kutenda na kurudia. Akatoa mfano wa jiwe: ulirushe juu mara elfu kumi, halitazoea kupanda. Mwanaadamu huzoea, na kwa hilo anatofautiana na jiwe. Naye Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika *Ihya Ulum al-Din* juu ya kuirudi nafsi na juu ya kuizuia tamaa ya tumbo. Alimshauri aliyezoea kula sana apunguze kidogo kidogo, asiruke kutoka shibe hadi njaa kwa siku moja. Na alisisitiza jambo ambalo wengi hulisahau: makusudio ya mazoezi hayo si kuing'oa tamaa wala hasira na mizizi yake, ni kuziweka katika wastani. Mtu asiyekuwa na hasira kabisa, hata mbele ya dhulma, amepungukiwa.

Nakaa kidogo juu ya neno hilo la kupungukiwa, kwani ndilo linalotutia wasiwasi juu ya mazoea. Huyohuyo Aristotle alisema kwamba asiyeogopa kitu chochote, hata tetemeko la ardhi wala mawimbi, hatumwiti shujaa. Tungemwita mwendawazimu, au mtu aliyepoteza hisia za maumivu. Shujaa anaogopa kiasi kinachostahili na anasimama. Basi ustahamilivu unahitaji maumivu ili uwe na maana. Ukiyaondoa maumivu yote, hukubakiwa na sifa yoyote ya kusifia. Inasimuliwa kwamba Mithridates, mfalme wa Ponto kando ya Bahari Nyeusi, aliyefariki mwaka 63 K.K., alikunywa sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi ili maadui zake wasiweze kumuua kwayo. Alipozidiwa na Warumi akataka kujiua kwa sumu, sumu haikumdhuru, ikabidi aombe upanga wa askari wake. Kisa hiki huenda kimetiwa chumvi na wasimulizi, ila maana yake haikupotea: mlango ukishafungwa kwa maadui, hauwezi kukufungukia wewe unapouhitaji.

Wapenzi wa taarabu wanalo lao la kusema hapa. Taarabu ya zamani iliwasha kwa fumbo. Mwimbaji alimtaja ndege, ua au chombo kilichoharibika tanga, na aliyekusudiwa akajijua ukumbini bila ya jina lake kutajwa. Miaka ya 1990 taarabu ya kisasa, iliyoitwa rusha roho, ikaja na mipasho ya wazi. Sitaki kuingia katika ugomvi wa ipi bora. Zote mbili zina mafundi wake. Nataka tu kuangalia kilichoupata ulimi, au tuseme sikio. Sikio lililozoea mpasho wa wazi hutaka wa wazi zaidi, na likirudishwa kwenye fumbo hulalamika kwamba hapana kitu. Kitu kipo, sikio ndilo lililoacha kukisikia. Hali hii haimo katika nyimbo peke yake. Mazungumzo ya barazani na siasa za majukwaani nazo zina watu waliozoea matusi hata hoja iliyosemwa kwa adabu wakaiona haina chumvi. Na pilipili zenyewe zinashindanishwa hivyo hivyo. Mwaka 1912 Wilbur Scoville alibuni kipimo cha ukali kwa kuzimua pilipili katika maji ya sukari hata waonjaji wasiusikie tena. Mwaka 2023 pilipili iliyostawishwa Marekani, iitwayo Pepper X, ilitangazwa kuwa kali kuliko zote kwa kipimo cha wastani wa 2,693,000. Anayeifikia namba hiyo hawazii tena harufu ya tunda. Anawaza namba itakayofuata.

Alhasili, mazoea ni mamoja na yana njia mbili. Moja humfanya mtu asikie vingi zaidi, nyingine humfanya asikie vichache. Swali ni namna ya kuzitofautisha ungali njiani, kabla hujafika mwisho. Jawabu langu nalipata jikoni kwa mpishi.

Mpishi hupika kwa ulimi wake. Aliyezoea pilipili, akiambiwa atie kiasi, atatia kiasi chake, kisha atawaona wageni wanatokwa na jasho na hatafahamu kwa nini. Hakukusudia ubaya. Kipimo chake kimehama, naye hakuhisi kikihama, kwa sababu kilihama kidogo kidogo. Haba na haba iliyomjenga ndiyo iliyomficha. Mpishi hodari wa karamu analijua hilo, kwa hivyo hajiamini peke yake, humwita mtoto au mtu asiyekula pilipili, akamwambia, “Hebu onja.” Kisha anaamini anachoambiwa, hata kama ulimi wake mwenyewe unamwambia kwamba mchuzi umepooza. Huyo amezoea na hakufa ganzi. Anajua kwamba ukali upo ingawa yeye haumwashi.

Kutoka jikoni hadi kwenye maisha si mwendo mrefu. Kila mmoja wetu amezoea kitu fulani ambacho kwa mwingine ni moto, na kila mwenye madaraka, awe mzazi, mwalimu, mume, tajiri au kiongozi, huwapikia wengine kwa ulimi wake. Hutokea mtoto aliyetukana akatiwa pilipili mdomoni ili akome, na anayemtia husema kwamba naye alitiwa utotoni na hakufa. Maneno hayo ni ya kweli, na ndiyo ushahidi mbaya zaidi dhidi ya msemaji. Kutokufa si kipimo cha haki. Pilipili ni ileile inayokaribishwa mezani, kipokezi ni kilekile, na mishipa ni ileile; lakini yule mtoto wa Oaxaca aliweza kukataa na huyu hawezi. Hiari ndiyo iliyofanya maumivu yawe mapishi. Ikiondolewa, kinachobaki ni adhabu, hata kama ladha haikubadilika.

Na kuna neno moja linalotumika kuificha adhabu hiyo. Neno lenyewe ni “wamezoea.” Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wanawake wa Paje, Jambiani, Bwejuu na vijiji vingi vya Unguja na Pemba wamekuwa wakilima mwani. Bahari ikitoka, huingia majini na kuinama kwa saa kadhaa, jua kichwani na chumvi mwilini, wakifunga vipando kwenye kamba, kisha hubeba mizigo iliyolowa hadi ufukweni. Mtu akiuliza juu ya migongo yao, macho yao au ngozi za mikono yao, hujibiwa kwamba wamezoea. Hivyo hivyo husemwa juu ya mchumaji karafuu aliye juu ya tawi, juu ya mchukuzi wa bandarini, juu ya mtumishi wa ndani anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Anayetamka neno hilo anadhani ametoa habari juu ya mwili wa mwenzake. Kwa hakika ametoa habari juu ya ulimi wake mwenyewe, kwamba umezoea kuwaona wengine wakiungua. Mgongo haukuzoea. Aliyezoea ni mtazamaji.

Wahenga walinena: pilipili usiyoila yakuwashiani? Methali hii ina kazi yake njema. Humzuia mtu asijitie katika mambo ya watu. Ila ikichukuliwa kuwa kanuni ya maisha yote, inatufunza ganzi. Uungwana huanza pale mtu anapowashwa kidogo na pilipili ambayo hakuila. Mashairi yaliyodumu katika mwambao huu, yawe ya mapenzi, ya msiba au ya kupinga dhulma, yalitungwa na watu waliowashwa na visivyokuwa vyao, na sisi tunayasoma ili nasi tuwashwe.

Huenda mtu akapinga kwa kusema kwamba dunia haiendeki bila ya mazoea hayo ninayoyalaumu. Muuguzi anayezirai kila aonapo damu hamfai mgonjwa. Mkunga asiyeweza kusikia kilio cha mzazi na akaendelea na kazi, atawapoteza mama na mtoto. Muosha maiti hana budi kuzoea. Pingamizi hili ni la haki, na ninalikubali. Lakini tuwaangalie watu hao vizuri. Mkunga mwema mikono yake imezoea, haitetemeki, hata hivyo haachi kumwambia mzazi, “Najua, mwanangu, najua.” Hamwambii kwamba hapana maumivu eti kwa sababu yeye ameshayaona mara mia. Amefanya kama yule mpishi wa karamu. Utulivu wake ameuweka katika mikono, na kipimo cha maumivu amemwachia anayeumia.

Basi tule pilipili, na tuizoee. Tuongeze tone baada ya tone, tupumzike kati yake, tufike mahali tunaposikia harufu ya tunda lililojificha nyuma ya moto. Lakini tunapomkaribisha mgeni, chatne tuiweke pembeni katika kibakuli chake, na kijiko juu yake, mwenyewe ajitilie. Akisema inawasha, tusicheke na tusibishane naye. Inawasha.